Bajaji Iliyokula Pistoni Mbili

Ilivutwa hadi gerejini kwangu kwa kamba ya katani, nyuma ya bajaji nyingine ya kisasa ambayo dereva wake alikuwa akicheka. Mzee mwenyewe alishika mpini wa ile ya nyuma, kofia ya kiua kichwani, kimya. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Akashuka, akaitazama, akasema neno moja tu: "Tena."

Tena, kwa kuwa ilikuwa mara ya tatu. Injini ilipojamu mara ya kwanza, barabara ya Pangani, fundi mmoja alivua kichwa na silinda, akatia pistoni mpya, ikatembea miezi minne. Ilipojamu mara ya pili, fundi mwingine alipeleka silinda ikakerezwe, akatia pistoni ya kuongeza, yaani nene kidogo kuliko ya kiwandani. Hiyo haikumaliza wiki sita. Watoto wa mzee, wote watu wazima, wameshamshauri auze chuma chakavu. Yeye hataki. Ni bajaji ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili kwenye petroli, yenye mpini wa kuwashia pale sakafuni, na kwa maelezo yake katika mtaa wao wa Ngamiani, hapa Tanga, hakuna nyingine ya aina hiyo inayowaka.

Aliponifikia alikuwa ameshanunua pistoni ya tatu. Ilikuwa mfukoni, ndani ya kiboksi chake. Alitaka niitie siku hiyohiyo awahi magharibi.

Nikamwomba aniachie chombo wiki mbili. Alinitazama kama mtu anayeona anaibiwa, lakini aliacha.

Kwanza nieleze ni injini gani, maana wengi wa vijana wanaoendesha bajaji leo hawajawahi kuigusa. Herufi RE zinazojulikana kwenye bajaji ni kifupi cha Kiingereza cha "injini ya nyuma". Za mwanzo zilikuwa na injini mbele. Bajaj Auto ya Pune, India, ilileta ya nyuma mwaka 1977. Damu yenyewe ni ya Kiitaliano. Piaggio walitoa Vespa mwaka 1946 na Ape ya magurudumu matatu mwaka 1948; vespa kwao ni nyigu, ape ni nyuki. Bajaj walianza kuunda vyombo hivi kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960, na undugu bado unaonekana ukifungua: kipenyo cha silinda milimita 57, mwendo wa pistoni milimita 57, ujazo sisi (sentimita za ujazo) 145.45, vipimo vilevile vya vespa nyingi za 150. Fundi wa vespa kule Unguja ukimwekea injini hii mezani hatauliza ni ya nini. (Jirani zetu Wakenya wanaita chombo hiki tuktuk. Jina hilo limetokana na mlio wa injini za mipigo miwili, na wakaendelea kulitumia hata kwa zile za mipigo minne, ambazo hazilii hivyo kabisa.)

Undugu huo una mtego wake, nitaufikia.

Tulishusha injini tukaifungua kichwa. Pistoni ya mipigo miwili iliyokufa ni kama kitambulisho cha marehemu, ukijua kuisoma. Ikiwa imechubuka duara zima, na pini na kichwa cha konrodi (mkono wa chuma unaoshikilia pistoni) vimegeuka rangi ya buluu na vikavu, basi ilikosa oili. Ikiwa imechubuka sehemu nne zinazotazamana, kama pembe za meza, basi ilibana ndani ya silinda kwa kukerezwa ndogo mno, au dereva aliipeleka mbio kabla haijapata moto. Ikiwa imechubuka upande wa mlango wa moshi peke yake, na ukingo wa utosi umeanza kulika kama sabuni iliyolowa, basi iliungua. Mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi na petroli kidogo. Katika injini hizi petroli ndiyo inayobeba oili, na inapopita inapoza pia. Ikipungua, vyote viwili vinapungua kwa pamoja.

Ya mzee ilikuwa ya aina ya tatu. Plagi nayo ilikuwa nyeupe kama jivu la mkaa.

Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa kwa siku nzima. Mzee aliapa kwamba oili anatia ya kutosha, na mimi namwamini, kwa sababu ekzosi ilikuwa imejaa masizi ya ulowevu hadi tukachota kwa bisibisi. Nilimuuliza anapimaje. Kwa kikombe cha kahawa, akasema, kile kidogo cha wauza kahawa. Zamani nusu kikombe kwa lita. Tangu ilipojamu mara ya kwanza, kikombe kizima. Nikakijaza maji nikayamimina kwenye bomba la sindano: mililita 60 na ushei. Uwiano wa moja kwa hamsini unataka mililita 20 kwa lita. Mzee alikuwa anatia mara tatu yake, na oili yenyewe ni ya mashine za boti, aliyopewa na mpwa wake mvuvi.

Mambo mawili hapo. Kuongeza oili hakuponyi injini inayokosa petroli, kunaizidishia. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, inapitisha ujazo uleule. Nafasi iliyoshikwa na oili haina petroli. Na oili ya boti, ile yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya bahari, ambazo hazifikii joto la silinda inayopozwa kwa upepo wa feni. Kwa bajaji tafuta yenye alama ya JASO (kiwango cha Kijapani), daraja la FC au FD. Ukanda wetu wa pwani umejaa oili ya boti, ni rahisi kuipata, na watu hudhani mipigo miwili ni mipigo miwili.

Lakini hata hayo hayakutosha kueleza plagi nyeupe. Nilivua kabureta. Jeti kubwa ilikuwa imetanuliwa tundu, pengine kwa sindano, tundu limekuwa la pembe. Maana yake kuna fundi kabla yangu aliona dalili hizihizi, akajaribu kuipa petroli zaidi, na bado ikaungua. Hewa ilikuwa inaingia kwingine, bila kupita kwenye kabureta.

Injini ya mipigo miwili ya namna hii hutumia kasha la kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kama pampu. Pistoni ikipanda, kasha linavuta mchanganyiko. Ikishuka, linausukuma kwenda juu kupitia milango ya pembeni. Kwa hiyo kasha lazima lishike pumzi. Kranki inatoka nje ya kasha kwa pande mbili, na kila upande una sili ya mpira. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inavuta oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Ya upande wa sumaku ikichoka, inavuta hewa tupu. Haitoi moshi wala hailii. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kufungua gesi, inapanda na kushuka kidogo, basi.

Kupima unahitaji pampu na geji inayosoma shinikizo dogo, chini ya nusu baa. Geji ya tairi haifai, sindano yake haitikisiki hata kidogo kwa shinikizo hilo. Mimi nilikwenda kwa dada yangu ambaye ni muuguzi, nikaazima kwake mashine ya kupimia presha, ile ya saa na kibofu cha kuminya. Inasoma hadi milimita 300 za zebaki, ambazo ni kama 0.4 ya baa, kiwango kinachotakiwa hasa. Nilifunga injini tena kama ilivyokuwa, nikaziba mlango wa moshi kwa kipande cha mpira wa tyubu na bati, nikaziba tundu la kabureta kwa kizibo chenye neli ya presha, plagi ikiwa mahali pake. Nikaminya kibofu. Sindano ilifika 120, ikagoma. Nikiacha kuminya, inashuka hadi sifuri kabla sijahesabu kumi.

Tukavua feni ya sumaku na bamba la koili, nikapaka povu la sabuni kuzunguka kranki, kijana wangu akaminya. Povu likachemka kama uji.

Sili ilitoka ngumu kama biskuti. Hakuna aliyewahi kuibadilisha: mafundi wote wawili walifanya kazi ya juu, silinda na pistoni, wakafunga. Siwalaumu sana. Mteja aliyekuja na pistoni mkononi anataka itiwe pistoni.

Nikampigia mzee simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hizo pistoni mbili nilizonunua..." Nikamwambia hazikuwa na kosa lolote.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuzungumza habari ya spea, na kila chaguo likawa na kipimo cha kulishikia.

Sili zenyewe zilikuwa rahisi. Namba zimeandikwa usoni: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Nilichukua za mpira wa kahawia unaohimili petroli na joto kuliko mweusi wa kawaida, na mbili kwa jumla hazikufika bei ya lita tatu za petroli. Upande wenye springi unatazama ndani ya kasha. Tatizo lilikuwa kwenye kranki: mdomo wa sili ya zamani, kwa miaka yote hiyo, ulikuwa umekata mfereji kwenye chuma. Ukipitisha ukucha unakwama. Ukikaza sili mpya palepale, mdomo wake unaangukia mferejini na unarudi kulekule. Duka lilinipa kranki mpya nzima, inang'aa, kwa bei ambayo mzee angeweza kuilipa kwa shida. Niliiweka kwenye vishikio viwili nikaizungusha na saa ya kupimia. Ilikuwa inayumba kuliko kranki kuukuu ya mzee. Nikairudisha. Tulibaki na ya zamani, tukaipeleka kwa fundi mwenye presi akatia konrodi mpya na beringi yake, kwa sababu ya zamani ilikuwa na mchezo wa juu-chini, ambao hautakiwi hata chembe (wa pembeni kidogo ni wa kawaida, watu huvichanganya). Na sili niliikaza ikiwa imetokeza milimita moja na nusu kuliko mwanzo, mdomo ukaangukia chuma safi. Nafasi ya nyumba ya sili iliruhusu. Isingeruhusu, ningetafuta kikuku chembamba cha chuma cha kuvisha kranki.

Pistoni ndiyo iliyochukua siku nyingi. Mezani zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ile ya mfukoni mwa mzee, saizi ileile ya kuongeza aliyokuwa nayo, 57.50. Silinda ilikuwa imechubuka. Isingesafishika bila kupita saizi hiyo. Hiyo tuliiweka kando bila mjadala.

Ya pili ililetwa na yule mpwa kutoka Unguja, ya vespa, na huu ndio mtego niliousema. Nayo ni ya kuongeza, kipenyo kinakubali, pini inaingia, kila mtu pale gereji akasema ndiyo hiyo, hamsini na saba ni hamsini na saba. Nilipima kutoka katikati ya tundu la pini hadi utosini. Ilikuwa fupi kwa milimita mbili kuliko yetu. Milimita mbili utaziona ndogo, lakini pistoni inapofika juu inaacha nafasi kubwa na mbano unapotea, na inaposhuka inafungua mlango wa moshi mapema kabla mlipuko haujamaliza kazi. Ingekuwa ndefu ingegonga kichwa, hilo angalau ungelisikia. Halafu kuna vijiti. Ringi za mipigo miwili haziruhusiwi kuzunguka. Kila mfereji una kijiti kidogo kinachoshika ncha za ringi zisihame. Kijiti lazima kiangalie ukuta mzima wa silinda. Pistoni ile ya vespa, ukiigeuza mshale wake utazame mlango wa moshi inavyotakiwa, kijiti kimoja kilikuwa kinaangukia kwenye ukingo wa mlango wa pembeni. Ncha za ringi zingechungulia dirishani kila mzunguko, mpaka siku moja zingenasa na kuvunjika. Sisemi spea za vespa hazifai kwa bajaji. Nasema zilizopo ni nyingi, zimetengenezwa na viwanda vingi kwa matoleo tofauti, na kipenyo peke yake hakikuambii kitu.

Ya tatu haikuja peke yake. Ilikuwa seti kamili: silinda mpya, pistoni, ringi, pini na klipu, bei chini ya gharama ya kukereza silinda kuukuu. Mzee aliipenda hii, na nakiri hata mimi nilishawishika. Silinda mpya, nani asiitake? Tukaiweka juu ya kasha bila gasketi, tukamulika kwa tochi kupitia chini. Milango ya pembeni ya silinda haikukutana na njia za kasha. Upande mmoja kulikuwa na ngazi ya karibu milimita mbili, mchanganyiko ungegonga ukuta. Hilo lingesawazishwa kwa tupa. Ila nilipopima ndani, kipenyo cha juu na cha chini havikulingana, na kingo za milango zilikuwa kali kama wembe, hazijapigwa msasa. Nikairudisha dukani na muuzaji, kusema kweli, alipokea bila maneno mengi. Nadhani sikuwa wa kwanza.

Tukabaki na chuma cha zamani. Silinda ya chuma cha kuyeyusha iliyopata moto na kupoa maelfu ya mara imeshatulia, haitapinda tena. Mimi naiamini kuliko mpya ya bei rahisi, na najua wapo mafundi watakaobishana nami. Nikaagiza pistoni ya saizi inayofuata, 57.75, ya kiwanda kinachofunga karatasi ya vipimo ndani ya boksi, na nikasubiri ifike kabla ya kumpelekea mkerezaji silinda. Hapo pia wengi hukosea: hukereza kwanza, halafu wakatafuta pistoni. Mkerezaji anatakiwa kuishika pistoni yenyewe mkononi, aipime kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni), akate silinda kwa ajili yake na kuacha upana ulioandikwa kwenye ile karatasi. Ukimwambia tu "nipe saba tano", atakupa saba tano yake. Kwa saizi hiyo injini imekuwa ya sisi 149.3, ongezeko ambalo mzee hatalihisi.

Ringi nilizisukuma ndani ya silinda kwa utosi wa pistoni, nikapima mwanya wa ncha kwa fila, visahani vyembamba vya kupimia nafasi: ya juu milimita 0.25, ya pili 0.30. Kingo za milango nilizipiga msasa mwenyewe, polepole, jioni nzima.

Mengine nitayapita. Beringi za kranki tulichukua zenye alama ya C3, ambazo zina nafasi ya ziada ndani kwa ajili ya joto. Zisizo na alama hiyo hubana injini ikipata moto. Jeti mpya, namba ya kiwandani. Gasketi zote. Mapezi ya silinda yalikuwa yamezibwa na udongo na grisi, na kava la bati linaloelekeza upepo wa feni lilikuwa limeshikwa na boliti moja badala ya zote. Ekzosi tuliichoma moto hadi ikaacha kutoa moshi.

Tulipofunga, nikarudia kipimo cha presha. Sindano ikapanda hadi 250 na kuanza kushuka mbele ya macho yangu. Nilipoteza mchana mzima nikipaka povu kila kiungo, nimeshaanza kufikiri kasha lenyewe lina ufa, hadi kijana wangu akapaka sabuni kwenye mpira niliozibia mlango wa moshi. Palikuwa panavuja pale, kwenye kizibo changu mwenyewe. Tulipokaza vizuri, 250 ikawa 242 baada ya dakika tano. Mashine nikairudisha. Dada aliinusa, akaniuliza nimempima nani.

Mzee alikuja na kanzu ya Ijumaa. Nilimpa bomba la sindano la mililita 50 badala ya kikombe, na kwa tangi la kwanza tukachanganya moja kwa ishirini na tano: lita tano, mililita 200. Akauvuta mpini wa sakafuni mara mbili, mara ya tatu ikawaka. Nikamwekea masharti: kilomita 500 za mwanzo asifungue gesi mpaka mwisho, asibebe nazi, akifika Raskazone aizime ipoe kabla ya kurudi.

Baada ya kilomita 300 aliileta. Nilivua ekzosi peke yake na kuchungulia pistoni kupitia mlango wa moshi kwa tochi. Alama za mkerezaji bado zinaonekana ukutani, sketi haina mchubuko, ringi zinang'aa sehemu yote inayoonekana. Plagi ilikuwa rangi ya kumbi la nazi. Tukashusha oili hadi moja kwa arobaini, na ikifika kilomita 1,000 tutakwenda kwenye hamsini.

Aliuliza silinda itavumilia kukerezwa mara ngapi tena. Mara moja, nikamwambia, iko 57.75, imebaki 58.00.

"Na baada ya hapo?"

"Tutatia ganda jipya la chuma ndani ya silinda, mzee. Linaitwa slivu."

Akatikisa kichwa, akatoa simu, akaniomba nimwandikie neno hilo.